Kiko cha Claudine

Ukifika Nyakitonto ukaulizia tumbaku ya kiko, usijisumbue kutaja jina la mtu. Watakuelekeza kwa kidevu tu: pale, nyumba ambayo jiko lake linatoa moshi hata saa zisizo za kupika. Hapo ni kwa Rosa, mama Pasikali. Na kwa kuwa watu hawakosi la kuongeza, watakuambia pia kwamba mkono wake mtamu lakini roho yake chungu. Ungependa kusema wanamsingizia. Hawamsingizii.

Mwaka 2015 Rosa alikuwa na miaka hamsini na nane. Mrefu, mkavu, vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa binti wa miaka kumi na tano, mgongoni amembeba mdogo wake Claudine wa miaka mitano, na mbele yao mama yao, kiko mdomoni bila moto, maana moshi ungewaonyesha. Hayo ndiyo waliyotoka nayo: mtoto mgongoni, kiko, na mbegu za tumbaku zilizofungwa kwenye pindo la nguo. Hapa hapa, kwenye udongo wa Waha, mama akawafundisha kazi mpaka siku alipokufa. Uraia walikuja kuupata. Rosa akaolewa na Muha, akazaa, akafiwa na mume. Vyote vilibadilika isipokuwa tumbaku. Hiyo ilibaki ile ile ya mama.

Na haikuwa tumbaku ya kuchezea. Siku hizi vijana wakisikia tumbaku wanafikiri ni ile ya mvuke, ile ya vyama vya msingi: jani linaingizwa kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia, moto unapita ndani ya mabomba, siku sita au saba linatoka la njano, linakwenda kuwa sigara za watu wa mjini. Hiyo Rosa alikuwa akiiita karatasi. Yake ilikuwa ya kuvundika. Kwanza huligusi jani mpaka lenyewe likubali: linenepe, lipige madoa ya njano, ukilikunja livunjike kwa sauti. Unachuma ya chini kwanza. Hayo yamelala mchangani, yanakereketa koo, ni ya mwenye shida. Halafu ya kati, ambayo ndiyo yenyewe. Ya juu kabisa ni makali, yanamlewesha mtu mzima mpaka aone nyumba inazunguka. Ukishachuma unayatunga kwenye kamba chini ya upenu, kivulini, yanyauke siku nne. Kisha unayapanga kwenye kapu lililotandikwa majani ya migomba, unafunika, unaweka jiwe juu, unayaacha yajipike kwa joto lake yenyewe.

Hapo sasa ndipo mtu anapojulikana kama ni fundi au ni mbabaishaji. Kila siku ya pili unafungua, unatia mkono katikati. Kukiwa na vuguvugu kama kifua cha mtoto aliyelala, sawa. Kukichoma, unageuza upesi. Pua nayo ina kazi yake: mwanzo unanusa nyasi, halafu mkojo wa mbuzi, na hapo waoga hukata tamaa wakamwaga, ukivumilia, inakuja harufu ya asali na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ndipo unatoa vikonyo, unasokota kamba nene, unaizungusha kata, unaitundika juu ya jiko moshi wa kuni uimalizie. Wiki nne. Mama yao alikuwa na neno moja tu juu ya kazi hiyo, haraka haraka haina baraka, na Rosa alilishika neno hilo kuliko hata Baba Yetu.

Wanunuzi hakuwatafuta, walimfuata. Hamis, mwenye duka karibu na stendi ya Kasulu, alikuwa akija mwenyewe kila Desemba na pikipiki. Ananusa, anafumba macho, anasema, "Mama Pasikali, siku ukifa kazi hii ataifanya nani?" Rosa alilipenda neno hilo mno. Mtu mwingine angesikia anaombewa kifo. Yeye alikuwa akilisubiri mwaka mzima.

Mdogo wake Claudine naye alikuwa na tumbaku, lakini alikuwa mtu wa mkato. Siku kumi kapuni, wiki mbili juani, twende sokoni. Ilikuwa inavutika, si kwamba ilikuwa mbaya. Ila hakuna aliyeifumbia macho. Siku moja ya gulio, mwaka 2012, mzee mmoja alimrudishia Claudine tumbaku yake, akasema afadhali asubiri ya dada mtu. Claudine, jamani, ulimi hauna mfupa! Akasema kwa sauti, soko zima likasikia: "Endeleeni kumsifu Rosa. Hamjui kwamba ile anachanganya na majani ya mpapai?"

Watu wakacheka. Rosa alikuwa hatua nne nyuma yake, ameshika fungu la kamba. Alikunja mkeka wake katikati ya soko, saa nne asubuhi, akaenda nyumbani. Angetukana yangekwisha siku ile ile. Kumbe bora matusi. Tangu siku ile hakumpa Claudine tumbaku, hakuvuta kiko chake, hakumkaribisha kwake wala hakwenda kwake. Claudine mwenyewe, akili ilipomrudia, alicheka-cheka, akasema lilikuwa neno la sokoni tu, Rosa naye anajua. Rosa hakujua. Mwisho wa mwaka huo Claudine alihamia Kumsenga, kule Kibondo, kwa mwanawe wa pekee, na dada mtu hakutoka hata kumshika mkono. Majirani hawakujitia kati. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na kila mtu Nyakitonto alikuwa na shamba lake.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Sasa kuna desturi ya nyumba ya hawa wawili ambayo usipoijua utamwona Rosa ni mwendawazimu, na hakuwa mwendawazimu. Kwa mama yao, mtu aliyekukosea hakuja kupiga magoti. Alikutumia kiko chake kikiwa kitupu. Hakukuwa na salamu wala maelezo. Kiko kitupu maana yake ni: nimekosa, nimekosa pumzi yako. Na wewe uliyekosewa hukutamka msamaha. Ulikijaza tumbaku yako mwenyewe, ukashindilia kwa dole gumba, ukawasha kwa kaa la jiko lako, ukavuta mkupuo wa kwanza ili ajue hukumtilia sumu, ukakizima, ukakirudisha. Akivuta yeye, mmekwisha. Kukirudisha kitupu ni kumkata mtu moja kwa moja, mpaka kaburini. Na mama alikuwa akisema kiko cha mtu hakilazwi siku nyingi kwa mwenzake, maana mwenyewe anakingoja.

Mwanzoni mwa Machi 2015, mchana, Rosa akiwa shambani anachuma majani ya chini, akaona mwanamke anapanda njia na mkoba wa kitambaa. Alipokaribia akamtambua: Niyomwungere, mke wa mwanawe Claudine.

"Amahoro, Mama mkubwa."

"Amahoro, mwanangu. Umetoka Kumsenga leo?"

"Leo alfajiri. Lori mpaka Kibondo, halafu gari la Kasulu."

Hakukaa hata kunywa maji. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa cha kichwa, ndani yake kiko. Kichwa cha udongo mweusi, mrija wa tete, karibu na mdomo alama za meno. Claudine tangu utotoni alikuwa akitafuna mrija.

"Mama amesema nikupe wewe mwenyewe mkononi. Hakusema lingine."

Rosa alifuta mikono kwenye kitenge mara mbili kabla ya kukipokea. Akakigeuza, akachungulia ndani. Kilikuwa kitupu na kimekwanguliwa kisafi.

Basi, alifurahi. Tuseme ukweli wake: alifurahi mpaka akaketi hapo hapo kwenye tuta. Alikuwa amemkosa mdogo wake kila siku ya miaka hiyo mitatu na hakumwambia mtu. Ila furaha ile haikukaa peke yake. Ikaja nyingine nyuma yake, ya aina mbaya, ile ya mtu aliyeshinda kesi. Amekubali! Soko zima lilisikia, na sasa amekubali.

"Anaendeleaje?" akauliza.

"Anaumwa, Mama mkubwa. Tumbo limevimba, na miguu. Tumempeleka hospitali mara mbili."

"Claudine tangu zamani akijikwaa analia amevunjika mguu," Rosa akasema, lakini kwa upole. "Mwambie nimekipata. Mwambie nitakijaza."

"Sasa hivi, Mama mkubwa? Nirudi nacho kesho?"

Na hapa ndipo kosa lilipoanzia, hapa hapa kwenye tuta. Tumbaku nzuri yote Hamis alikwisha kuichukua Desemba. Nyumbani kulikuwa na kipande cha majani ya chini, kile alichokuwa akivuta yeye mwenyewe, maana fundi siku zote huvuta makombo. Rosa akakifikiria kile kipande. Akamwona Claudine anavuta, anakohoa, anatazama pembeni kwa kale kacheko kake. Amtumie mchanga huo mtu aliyesema habari za mpapai? Thubutu! Majani ya kati yalikuwa yanakaribia. Angeyafanyia kazi isiyo na hata doa moja la lawama, Claudine avute, afumbe macho, akiri kwa kinywa chake.

"Hapana, mwanangu. Ngoja ya mwaka huu. Simpi mdogo wangu takataka. Mwambie asubiri kidogo, kitu kizuri kinakuja."

Niyomwungere alikitazama kiko mikononi mwa Rosa. Mkwe atasema nini kwa mama mkubwa? Akalala usiku mmoja, akarudi na mkoba mtupu.

Wiki ya pili Rosa alichuma majani ya kati. Alichagua jani moja moja, lenye tundu la mdudu akatupa, lenye doa akatupa. Pasikali, mwanawe, alikuja akamkuta ameyatandaza uani anayahesabu kama mtu anayepanga vyombo vya harusi. Pasikali alikuwa mwanachama wa chama cha msingi, ana bani lake la matofali nyuma ya nyumba, na wakati huo lilikuwa na moto.

"Mama, nimesikia mama mdogo ni mgonjwa kweli. Niletee hayo majani niyaweke pembeni kwenye bani. Siku sita yamekauka, ukasokota, ukapeleka."

"Nimpelekee Claudine karatasi?"

"Ni majani yale yale, mama! Yamekauka ndiyo yamekauka."

"Kukauka na kuiva ni kitu kimoja?" Rosa akamkazia macho. "Nguo inakauka. Tumbaku inaiva. Wewe unapika kwa kipimajoto, mwanangu, kipimajoto hakina pua."

"Basi jaza hiyo unayovuta wewe."

"Toka uani kwangu, unaniharibia majani."

Pasikali akatoka, amechukia. Alikuwa kijana wa heshima, hakubishana na mama yake mara mbili, na hilo nalo lilikuwa bahati mbaya.

Kapu la kwanza lilikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Rosa akafungua, akanusa. Kulikuwa na uchachu kidogo upande mmoja, ambao mimi na wewe tusingeusikia hata tukitumbukiza pua. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo na jiko lililokuwa karibu na kapu lilipoa mchana mmoja alipokwenda kanisani. Angeweza kutoa ule upande mmoja, akasokota uliobaki. Watu wote wanafanya hivyo. Yeye aliubeba mzigo mzima akaumwaga kwenye shimo la taka, mbele ya kuku, akaanza upya na majani ya mchumo wa pili. Jirani yake alipoona alishika kichwa: "Mama Pasikali, hiyo si ndiyo tumbaku ya mgonjwa?" Rosa akajibu mgonjwa ndiye wa kupewa kilicho bora.

Kiko chenyewe alikiweka kwenye rafu ya chumbani, juu ya Biblia, kimefungwa kwenye kile kitambaa. Kila jioni alikifungua akakitazama. Aliwahi hata kuzungumza nacho, akikiambia utaona, we ngoja, utaona.

Wiki moja baada ya Pasaka, Niyomwungere akaja tena. Safari hii hakusubiri kukaribishwa. Alikuwa amekonda yeye mwenyewe, kama aliyeuguza mpaka akasahau kula.

"Mama mkubwa, nimekuja kuchukua kiko."

"Hakijawa tayari. Nimesokota juzi tu, iko juu ya jiko. Wiki nne."

"Mama hana wiki nne." Alisema bila kupandisha sauti. "Daktari alituambia tukamtunze nyumbani, hakuna zaidi. Na wala havuti tena, Mama mkubwa. Hata moshi wa kuni unamkaba. Anataka kirudi tu. Kila siku anauliza."

Rosa aliyasikia hayo. Asije mtu akamtetea kwamba hakuambiwa. Aliambiwa, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, uso kwa uso, jikoni kwake. Moyo ulimpasuka. Alisimama, akaenda chumbani, akakishika kiko. Akarudi nacho mpaka mlangoni.

"Kitupu siwezi kukirudisha," akasema. "Unajua maana yake. Nitakuwa nimemkataa."

"Basi weka chochote!"

"Chochote ndicho alichosema sokoni kwamba nauza."

Lilitoka lenyewe, neno la miaka mitatu. Niyomwungere akamtazama kwa muda, mwanamke wa miaka ishirini na sita anamtazama wa hamsini na nane, na kati yao wawili ni mmoja tu aliyekuwa mtu mzima dakika ile. Rosa aliona aibu. Na aibu ya Rosa, badala ya kumlainisha, ilimkausha. Akasema upesi upesi kwamba atakileta mwenyewe, kwa mkono wake, tumbaku ikiwa tayari, na kwamba Claudine ni mgumu, ameugua surua, ameugua kipindupindu, alivuka na homa mgongoni kwake mwaka wa sabini na mbili na hakufa. "Mwambie nakuja. Mwambie anisubiri."

"Nitamwambia," akasema Niyomwungere, na akaondoka jua likiwa bado juu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nalo ni neno la wahenga, ila mama yao hakuwafundisha hilo. Rosa alikaa chini ya ile kamba ya tumbaku wiki nne kama anayelinda mwali. Alichagua kuni, mti huu ndiyo, ule hapana, una utomvu mbaya. Alilala kidogo. Kuna asubuhi alipanda kigoda, akashika kisu akate kipande aondoke nacho, akaminya, ikawa bado na unyevunyevu katikati, akashuka. Usiku akasali rozari nzima kwa ajili ya Claudine, apewe siku. Alimwomba Mungu siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa akizitumia.

Katikati ya Mei ikawa tayari. Alikata kipande, akakisugua kiganjani, na harufu ikajaa nyumba mpaka Pasikali, aliyekuwa uani na hasira zake zote, akaingia akasema, "Loo, mama!" Ilikuwa nyeusi, laini, ina mng'ao wa mafuta. Miaka arobaini na zaidi ya kazi, hakuwahi kuipata hivyo. Rosa alikijaza kiko, akashindilia kwa dole gumba, akawasha kwa kaa, akavuta mkupuo mmoja. Machozi yakamtoka kwa utamu wake. Akakizima, akakifunga, akavaa kitenge kipya. Kamba yote iliyobaki aliibeba kapuni, kwamba wale wanaomuuguza nao wapate.

Barabarani kuelekea Kibondo gari alilopanda lilipishana na mabasi yaliyojaa Warundi, magodoro juu, watoto madirishani. Walikuwa wameanza tena kuvuka mwezi ule, wanapelekwa kambi ya Nyarugusu. Abiria wakasema maskini, wengine wakasema hawa tena. Rosa alimwona msichana mmoja amembeba mtoto mgongoni, mtoto ambaye tayari alikuwa mkubwa mno kubebwa, miguu inaning'inia. Akageuza uso. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Hatasema sokoni. Hatasema mpapai. Atasema tu, "Vuta, mdogo wangu," na kama hawezi kuvuta, atamwekea puani anuse.

Kibondo alipanda pikipiki mpaka Kumsenga. Kabla hawajafika nyumbani aliona wanaume wamekaa kwenye magogo nje, kofia wamezishika mkononi, na moto mkubwa wa kuni uani mchana kweupe. Dereva naye akaona, akapunguza mwendo, akasema, "Pole, mama." Rosa akamwambia aende tu, huenda ni kwa jirani. Hakukuwa kwa jirani.

Claudine alifariki siku mbili kabla, alfajiri, na jana yake walimzika nyuma ya migomba. Kaburi lilikuwa na udongo mbichi na msalaba wa mbao mbili. Rosa alipiga magoti pale, akalia kwa sauti kubwa ya Kirundi ambayo watoto wa Kumsenga hawakuielewa. Alimwita kwa jina la utotoni. Akamwambia nimefika, nimefika, si nilikuambia unisubiri? Wanawake wakamwinua, wakamweka mkekani.

"Mbona hamkunipigia?" akamuuliza mwanawe Claudine. "Pasikali ana simu."

"Tuliona hakuna haja, mama mkubwa," akasema yule kijana, akaenda kukaa na wanaume.

Kwenye matanga tumbaku haikosi mwenye kuihitaji. Mzee mmoja, Kipriani, jirani wa pale, alisikia harufu kutoka kwenye kapu, akaomba kwa adabu. Rosa akamkatia. Akakatia na wa pili, na wa tatu. Wakajaza viko vyao, wakawasha. Kisha Kipriani akatoa mrija mdomoni, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Mama," akasema, "nimevuta tangu nina miaka kumi na miwili. Kitu kama hiki sijakionja. Nani kaitengeneza?"

"Mimi," akasema Rosa.

Na humo humo kwenye msiba, macho yamevimba, udongo wa kaburi kwenye magoti, kifua chake kikapanda. Kidogo tu, kwa muda mfupi tu. Alikisikia kikipanda, na alijichukia kwa hilo kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia Claudine.

Wazee waliposogea kwenye moto, Niyomwungere alileta uji, akaketi kando yake. Rosa akatoa kile kitambaa kifuani.

"Kiko chake hiki. Kimejaa. Mwanangu, alisemaje? Alikufa akijua nimemkataa?"

"Hapana," akasema Niyomwungere. "Alikufa akijua umemsamehe."

Rosa akamtazama.

"Siku ya mwisho aliuliza tena, kimerudi? Nikashindwa kumwambia bado. Niliazima kiko cha mzee Kipriani. Nikanunua sigara mbili dukani, nikazichana, nikajaza, nikawasha, nikavuta mara moja, mimi ambaye sijawahi kuvuta. Nikamwekea mkononi. Macho yalikuwa hayaoni vizuri tena. Nikamwambia Mama mkubwa amekileta."

"Akasemaje?"

"Alikinusa. Alinusa muda mrefu. Akasema, 'Hii ndiyo ya Rosa. Ya mtu mwingine hainukii hivi.' Akakishika mpaka alfajiri."

Uani watu walikuwa wanaimba wimbo wa maombolezo, polepole, bila kuongozwa na mtu. Rosa aliketi na kiko mapajani. Alitaka kumshukuru huyu binti, akataka kumwomba radhi, akataka kupiga kelele. Maneno yote hayo yalikuwepo kooni. Lililotangulia kutoka lilikuwa jingine, na alipolisikia lilikuwa limekwisha kutoka:

"Sigara gani?"

Niyomwungere alichukua kikombe cha uji ambacho Rosa hakukigusa, akasimama, akaenda kuwahudumia wageni wengine.